Kifyonza unyevu cha ndoo na chumvi: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana najua wengine mnalitaka hilo tu: kwa kabati kinafaa, kwa chumba kizima utachoka bure.

Ninakaa chumba cha chini Mji Mkongwe, Unguja, nyumba ya mawe na chokaa. Masika yakiingia, kanzu zinaota ukungu kabatini, viatu vya ngozi vinapiga kijani, vitabu vinanuka uvundo. Mashine ya umeme ya kukausha hewa ningeipenda, ila bei yake haijanipenda mimi.

Nilichukua ndoo mbili ndogo za plastiki zinazoingiana. Moja niliitoboa matundu chini kwa msumari wa moto, nikatandika kipande cha chandarua kikuukuu, nikajaza chumvi. Nyingine inakaa chini kupokea maji, na kati yake kuna kopo la kuinua ile ya juu isiguse kinachodondoka. Basi.

Chumvi ndiyo yenye maneno. Chukua ile ya mabonge, ghafi, si ya pakiti nyeupe laini. Chumvi safi huanza kuvuta maji unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75. Ile ghafi ya baharini huwa na magnesi kloridi ndani yake, na hiyo huvuta mapema zaidi. Ndiyo maana kichupa cha mezani hulowa masika hadi tukatia punje za mchele, kisha kiangazi kikakauka chenyewe.

Ndani ya kabati lililofungwa, kipima unyevu changu kilishuka kutoka 85 hadi karibu na 75, kikaganda hapo. Si kukavu, lakini ukungu unapenda hewa ya 80 kwenda juu, kwa hiyo kanzu zimepona. Viatu pia, ingawa mkanda mmoja wa zamani bado unanuka.

Chumbani ni hadithi nyingine. Changu kina mita 3 kwa 4, na dari liko mita 3 juu. Kwa joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85, hewa yake imebeba mvuke wa zaidi ya robo tatu ya lita. Ukiutoa robo lita tu, unafika asilimia 60. Inaonekana rahisi! Lakini dirisha la mbao halizibi, mlango unafunguliwa kila saa, na hewa ya baharini inaingia na mzigo wake mpya. Niliweka hata feni ndogo ipulize juu ya chumvi: maji yalijaa upesi zaidi chini ya ndoo, kipimo hakikutikisika. Na ukuta mmoja mwenye nyumba aliupiga plasta ya saruji juu ya chokaa. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanakwama nyuma yake, rangi inabanduka. Hapo ndoo haina la kufanya, ni fundi wa chokaa tu.

Nilijaribu pia kalsiamu kloridi, ile inayouzwa kwenye vikopo vya kutundika kabatini. Inavuta kwa nguvu kuliko chumvi, kipimo kilishuka chini ya 60. Ila ikishayeyuka ndiyo imekwisha, unanunua tena, na maji yake yakimwagikia ngozi au nguo yanaiharibu. Chumvi unaianika ukairudisha, japo jua la masika ni la kuvizia. Mkaa unaosifiwa sana unapunguza harufu, maji sikuona.

Maji ya ndoo usimwagie mti wala maua, yataunguza mizizi. Mimi namwaga chooni. Na ndoo iweke mbali na bawaba za kabati, chumvi inakula chuma.

Nyota tatu kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya kuanika, nyingine kwa chumba. Ukiwa na kabati lenye milango inayofunga vizuri, ongeza moja.