DVD ya Sakuraba na Royce Gracie, Tokyo 2000: ukiiona, inunue

Shemeji yangu huenda Yokohama kwa biashara ya magari, na safari iliyopita nilimwagiza kitu kimoja tu: DVD ya mashindano ya PRIDE, mapigano mseto ya Japani, ya tarehe 1 Mei 2000, pale Tokyo Dome. Aliipata kwenye duka la vitu vilivyotumika kwa yeni 1,800. Kasha limekwaruzika, diski safi. Utangazaji ni Kijapani mwanzo mwisho, na deki nyingine zitaikataa kwa kuwa imetengenezwa kwa deki za eneo la Japani. Hakikisha yako inasoma diski za maeneo yote ya dunia.

Niliitaka kwa pambano moja, la Kazushi Sakuraba, mwanamieleka wa Japani, na Royce Gracie, wa ile familia ya jujitsu ya Brazil. Nafundisha vijana judo jioni, na tumebishana sana kuhusu mieleka ya Kijapani. Wao wanasema ni maigizo. Kweli, mshindi hupangwa. Lakini Sakuraba alitokea huko huko, kwenye UWFi, kundi la mieleka la Nobuhiko Takada, na mmoja wa walimu wake alikuwa Mwingereza Billy Robinson, mtu aliyejua kukamata na kusokota viungo kwelikweli. Mwaka 1997 Takada mwenyewe alipanda ulingoni na Rickson, kaka yake Royce, akanaswa mkono na kusalimu amri raundi ya kwanza tu. Aibu ile iliwaangukia wanamieleka wote wa Japani.

Kwa pambano hili la mwaka 2000, upande wa Gracie ukadai masharti yake: raundi za dakika 15 bila kikomo, mwamuzi asisimamishe pambano, majaji wasitoe pointi. Sakuraba akakubali. Anaingia na wenzake wawili, wote watatu wamevaa vinyago vya mieleka, na ukumbi hauna hakika yupi ndiye. Tafadhali usiruke sehemu hiyo. Anatangaza mbele ya watu wote kwamba yeye ni mwanamieleka, kabla hajarusha hata teke moja.

Kwangu mimi, utamu uko kwenye koti. Royce amevaa koti na suruali ya jujitsu ili apate pa kushika. Sakuraba, kifua wazi, analigeuza koti lile kuwa mali yake: analivuta, anamzuia nalo, hata suruali anaivuta. Mwishoni mwa raundi ya kwanza anambana goti, na nilijikuta nimesimama sebuleni. Baada ya hapo ni mateke ya miguu, moja baada ya jingine, hadi unaona Royce anavyochelewa kunyanyuka.

Sikilizeni, wanajudo wenzangu. Mwaka 1951 huko Rio, Masahiko Kimura alimsokota mkono Hélio Gracie, baba yake Royce, hadi ukavunjika, na kona ya Hélio, yaani wasaidizi wake, ndiyo iliyomaliza pambano. Kimura huyo alikuwa bingwa wa judo na baadaye akacheza mieleka ya kulipwa. Mwaka 1954 alipambana na Rikidozan, nyota wa mieleka ya Japani na mwalimu wa mwanamieleka Antonio Inoki. Sasa kaa hadi mwisho wa raundi ya sita, dakika ya 90. Kona ya Royce inatupa taulo, kukubali kushindwa. Miezi michache baadaye Sakuraba akamvunja mkono Renzo Gracie kwa msokoto ule ule wa Kimura.

Mapambano mengine ya usiku ule nimeyatazama mara moja tu, ingawa Mark Coleman alistahili ubingwa wake. Raundi za tatu na nne zitamchosha asiyejua kusoma mapambano ya chini. Mwekee ya kwanza na ya sita.

Ila usizime diski taulo likishatupwa. Yalikuwa mashindano ya mtoano, na usiku huo huo Sakuraba alirudi ulingoni kumkabili Igor Vovchanchyn, mtu mzito kuliko yeye. Alipigana dakika 15 nyingine kamili, ndipo kona yake ikasema basi.