Uzoefu wangu na kozi ya PMP: darasa la Jumamosi kwa sisi tulio kazini

Wenzangu wa miradi ya maji wamekuwa wakiniuliza kama kozi ya PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, ina maana yoyote kwa mtu anayeshinda saiti. Ina maana, tena kubwa. Naandika kwa kirefu kidogo kwa sababu "ndiyo" tupu haimsaidii mtu anayetaka kutoa fedha mfukoni na kutoa Jumamosi zake kwa wakati mmoja.

Mimi ni mratibu wa miradi kwenye kampuni ya ukandarasi yenye ofisi Dar es Salaam. Kazi zetu nyingi ziko Dodoma na Singida: visima virefu, matenki, mabomba ya kusambazia maji vijijini, vituo vya kuchotea. Kuacha kazi ili nikasome haikuwezekana, kwa hiyo nilichagua darasa la Jumamosi, asubuhi hadi jioni. Kampuni ilichangia nusu ya ada, nusu nikajilipia. Darasani tulikuwa watu wazima watupu: mhasibu wa shirika lisilo la kiserikali, afisa wa benki anayeshughulika na mifumo ya kompyuta, wahandisi wa barabara, dada mmoja kutoka kiwanda cha vinywaji. Jina la kituo naliacha, maana ninachopima hapa ni kozi yenyewe, na vituo vingi vinaifundisha kwa muhtasari unaofanana.

Kwa asiyeijua, PMP ni cheti cha PMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969. Mtihani wake huingii kwa kulipa tu. Nilipoomba mimi, mwenye shahada alitakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36, asiye na shahada miezi 60. Wote wawili walitakiwa wawe wamesoma saa 35 za usimamizi wa miradi, na saa hizo ndizo unazozipata kwenye kozi hii. Fomu ya maombi inataka ueleze mradi mmoja mmoja: lengo lake, wajibu wako, matokeo yake. Ijazeni kwa uaminifu, kwa kuwa baadhi ya waombaji huchaguliwa kukaguliwa, na hapo waliokuwa wakuu wako wa kazi wanaombwa kuthibitisha ulichoandika.

Siku iliyorudisha ada yangu yote ni siku ya ratiba. Mwalimu wetu, mhandisi mstaafu wa barabara na madaraja, alizima projekta akataka kila mtu atoe mradi alionao mezani kwake wakati huo, siyo wa mfano. Nikatoa wa kijiji kimoja ambako kisima kilishachimbwa, bado pampu, tenki, mitaro na mabomba. Akanipa vikaratasi vya kubandika, kila kazi na karatasi yake na muda wake, nikavipanga ukutani kwa kufuata ipi inaingoja ipi. Mitaro na kulaza mabomba, wiki 10. Tenki, wiki 12. Pampu, kuanzia kuagizwa nje, kusafirishwa, kutolewa bandarini hadi kufika saiti, wiki 16. Kuifunga, wiki 2. Majaribio ya mfumo mzima, yanayongoja vyote hivyo, wiki 1.

Jumlisheni. Mstari wa pampu unachukua wiki 19, na mradi hauwezi kuisha kabla ya hapo hata mkimwaga vibarua wa kijiji kizima kwenye mitaro. Mitaro inaweza kuchelewa wiki 8 bila kumuumiza mtu, tenki wiki 6, pampu haina hata siku moja ya kuchezea. Na vikao vyetu vyote vya Jumatatu ofisini vilikuwa vya mitaro: imefika mita ngapi, vibarua wangapi wamekuja, kwa nini jana hawakuchimba. Mtaro unaonekana. Mkubwa akija saiti anauona, anapiga nao picha. Pampu ni karatasi iliyolala kwenye meza ya manunuzi ikisubiri saini. Nikiwa nimesimama mbele ya ule ukuta nilielewa kwa nini kuna vijiji tulivyoshafukia mabomba na bado akina mama wakawa wanaamka alfajiri kwenda kuchimba maji kwenye korongo. Iliniuma sana siku ile, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Njia hiyo ya kupanga ni ya zamani. Ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye kampuni ya kemikali ya DuPont huko Marekani, na haihitaji programu ya bei kubwa. Ukuta na kalamu vinatosha. Mwalimu akaongeza jambo ambalo haliko kwenye slaidi yoyote: Dodoma mvua zinashika kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi hakuna mtaro utakaosimama kipindi hicho. Kwa hiyo zile wiki 8 usizigawe ovyo. Zitumie kusogeza uchimbaji uangukie kiangazi.

Jambo la pili lililobadilisha kazi yangu ni hesabu za fedha. Sisi tulizoea kulinganisha bajeti na matumizi basi. Mwalimu alitupa mradi wa shilingi milioni 200 uliofika nusu ya muda wake. Kwa mpango, kazi ya milioni 100 ingekuwa imeshafanyika. Matumizi hadi siku hiyo ni milioni 95. Nusu ya darasa, pamoja na mhasibu wetu, wakasema mradi umeokoa milioni 5. Kisha akatuambia kazi iliyokamilika ukiipima kwa bei za BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba, ina thamani ya milioni 80. Darasa likanyamaza. Maana yake mmelipa 95 kupata kitu cha 80. Gawanya 80 kwa 95 unapata 0.84, yaani kila shilingi inayotoka inarudi na kazi ya senti 84. Mkiendelea hivyo hivyo mradi utakula milioni 237.5, na muda nao mko nyuma kwa sehemu ya tano. Ripoti ya kawaida ya matumizi ingesema mambo ni mazuri mpaka mwezi wa mwisho fedha zinapokata. Nimeiingiza hesabu hiyo kwenye ripoti zangu za mwezi, mstari mmoja tu juu ya ukurasa, na sasa mkurugenzi wangu anausoma huo kwanza.

Kuna sehemu ya watu, ambayo wahandisi wengi tunaidharau. Katika muundo wa mtihani ulioanza Januari 2021, maswali ya watu yalikuwa na uzito wa asilimia 42, taratibu za kazi asilimia 50, mazingira ya biashara asilimia 8. Unaletewa kisa: fundi wako bora amegombana na mwenzake, au kiongozi wa eneo amebadilisha mahali pa kituo cha maji kazi ikiwa katikati. Ufanye nini kwanza? Majibu manne yote yanafanana na ukweli. PMI inapenda uchunguze kwanza, uongee na mhusika, upime athari, ndipo upeleke juu. Hapa ndipo palikuwa na mjadala mzito kuliko siku zote, kwa kuwa maswali yanachukulia kwamba msimamizi wa mradi ana sauti yake. Kwenye kampuni nyingi zetu mwenye kampuni akipiga simu saiti, fomeni anabadilisha kazi papo hapo na mratibu anasikia baadaye. Mwalimu hakupuuza hilo. Alitufundisha kuandika badiliko lolote kwenye karatasi moja, gharama yake na siku zake, na kumpelekea mkubwa kwa heshima asaini, bila kubishana naye. Nimeshaitumia, na inafanya kazi, kwa sababu mtu mzima akiona "milioni 6 na wiki 3" juu ya saini yake anatafakari upya mwenyewe.

Sasa kasoro. Theluthi ya mwisho ya kozi iligeuka kuwa darasa la kukariri maswali. Mbaya zaidi, mbinu za ajaili, zile za kufanya kazi kwa vipande vifupi na kurekebisha kila unapopata maoni ya mtumiaji, alipewa mwalimu mwingine aliyesoma slaidi mwanzo hadi mwisho. Na PMI wenyewe walisema kwamba karibu nusu ya mtihani huo ilihusu njia hizo au mchanganyiko wake na njia za kawaida. Yule afisa wa benki alikuwa anazijua kutoka kazini kwake. Sisi wa ujenzi, ambao ndio tuliozihitaji hasa, tuliondoka mikono mitupu, na ilibidi nijifunze usiku kwa video za mtandaoni. Kituo kinachotoza ada ile hakina udhuru kwa hilo.

Tatizo jingine ni kasi. Mtihani nilioufanya mimi ulikuwa maswali 180 kwa dakika 230, yaani sekunde 77 hivi kwa swali, na maswali mengi yalikuwa aya nzima ya Kiingereza. Wenzetu ambao kazi zao zote zinaendeshwa kwa Kiswahili walijua mambo vizuri kuliko mimi lakini walikuwa wanaishiwa muda. Kituo kilipaswa kuwapa majaribio yenye saa tangu wiki za mwanzo, siyo kusubiri mwishoni. Wewe jipe mwenyewe: maswali 60 kwa mkupuo mmoja, kwa dakika 76, ukiwa umezima simu.

Kuhusu fedha, ulizeni mapema kama ada ya kituo inajumuisha ada ya mtihani. Yangu haikujumuisha, na ada ya mtihani inalipwa PMI kwa dola. Ukijiunga uanachama wao kwanza, mtihani unapungua bei na mwongozo wao unaupata bure kwa nakala ya kompyuta, kwa hiyo pigeni hesabu zote mbili. Mtihani unaweza kuufanyia nyumbani huku msimamizi akikutazama kwa kamera, lakini kwa hali ya umeme na intaneti ya mtaani kwangu nilikwenda kituo cha mtihani bila kujiuliza. Nilifaulu. Alama hawakupi, wanakuambia tu kila eneo uko juu ya lengo, ndani yake, chini yake au unahitaji kuboresha. Cheti kinadumu miaka 3, na kukihuisha kunataka pointi 60 za kujiendeleza.

Kijana aliyemaliza chuo juzi asiharakishe PMP. PMI hao hao wana CAPM, cheti cha ngazi ya kuanzia, kinachotaka saa 23 za masomo bila uzoefu. Aliye kwenye mashirika ya maendeleo akitazame pia cheti cha Project DPro cha shirika la PM4NGOs, kilichotengenezwa kwa miradi ya aina yake, pamoja na wafadhili na jamii ndani yake.

Mimi cheti kimenisaidia kwenye zabuni, ambako wasifu wa wataalamu unahesabiwa. Lakini aliyenifikirisha zaidi tangu nimalize ni fomeni wetu wa Singida. Hana shahada, hataki cheti, na ndiye anayejua kuliko sisi sote kazi gani inaingoja ipi. Nikawauliza kituo kama wanaweza kumpokea kwa siku za ratiba na za gharama peke yake, bila sehemu ya mtihani. Wamekubali kwa ada ya siku hizo tu, ofisi imeridhia kulipa nauli na malazi, na ataingia na darasa jipya.