Su-25T au TF-51D: uanze na ndege ipi kwenye DCS World?

Washkaji wengi hapa Tanga wakishashusha DCS World, gemu ya kurusha ndege kwenye kompyuta (faili kubwa balaa, bando la siku usilitegemee) wanakimbilia Su-25T, jeti ya Kirusi ya kushambulia ardhini, maana ni ya bure na inabeba mabomu, roketi, makombora, si ndo tunachotaka. Na kuipaisha kweli rahisi, jeti mbili zinasukuma, amri zake unabonyeza kwenye kibodi. Kasheshe iko kwenye kulenga: unaelekeza kamera ya Shkval iliyo puani, unafunga shabaha, unawasha leza, ndo unarusha kombora la Vikhr, halafu huruhusiwi kukata kona hovyo mpaka ligonge, kwa sababu kombora linafuata mwali wa leza. Ukiijaza silaha inapanda kwa kujivuta kama lori la mkonge.

TF-51D, ndege ya zamani ya propela, nayo bure ila haina hata bunduki, wengi wanaifuta siku hiyohiyo. Mi naona wanakosea. Swichi za ndani unazibonyeza kwa mausi, unawasha injini mwenyewe hatua kwa hatua, na ukiongeza moto ghafla pua inakimbilia kushoto, kwahiyo unakanyaga pedali ya kulia huku stiki umeivuta nyuma ili gurudumu la mkia lisiyumbe. Ukiizoea hii, kutua na nyingine hakukusumbui sana.

Kama una joistiki ya kuzungusha (ukiizungusha inafanya kazi ya pedali), hata ya mtumba, anza na TF-51D. Una kibodi tu? Chukua Su-25T, ile nyingine itakutoa machozi kwenye ranwei.