Wanangu kwenye klabu ya hurling na camogie hapa Dublin: mazoezi safi, ratiba kichefuchefu

Hii ni ya wazazi wenzangu mlioko Ayalandi, ambao watoto wenu wameanza kuuliza kwa nini nusu ya darasa inatembea na fimbo mkononi. Ni fimbo za hurling, mchezo wa jadi wa hapa Ayalandi wa kupiga mpira kwa fimbo. Wangu wawili, wa kiume wa miaka minane na dada yake wa kumi na moja, wanacheza klabu ya mtaani kwetu, magharibi mwa Dublin. Jina la klabu naliacha, maana nina ya kuwasifu na nina ya kuwasema.

Kwanza niitoe hofu. Ukiutazama mchezo huu kwenye televisheni unatisha: watu thelathini uwanjani, kila mmoja na fimbo yake, na kampira kagumu ka ngozi kanapita juu ya vichwa kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Watoto hawaanzi hivyo. Wadogo hupewa mpira laini, na helmeti yenye wavu wa chuma usoni ni lazima; tangu 2010 hata wakubwa wa timu za kaunti hawaruhusiwi kucheza bila hiyo. Hapa kwetu hawana mzaha nalo. Usipokuja na helmeti, unakaa pembeni na mama yako. Mwanangu hurudi na vidole vilivyovilia damu na magoti yenye matope, lakini jeraha la kichwa sijaliona, wala kwa mwenzake yeyote.

Kilichonifanya nikae na klabu hii ni namna wanavyofundisha. Chukua suala la fimbo tu. Wazazi wengi huinunua kama sare ya shule, kubwa kidogo ili mtoto aikulie. Kocha wa wadogo haikubali hiyo. Humsimamisha mtoto wima, mikono imelegea ubavuni, fimbo imesimamishwa kando yake sehemu pana ikiwa chini. Ncha ya mpini ikipita kifundo cha mkono, anaiweka kando na kumletea fupi kutoka kwenye pipa la klabu. Fimbo ndefu humfanya mtoto aishike katikati, na akishazoea hivyo kumrekebisha ni kazi.

Halafu kuna kuokota mpira kutoka chini, maana sheria hairuhusu kuuokota moja kwa moja kwa mkono. Mtoto anapiga hatua mguu uwe kando ya mpira, anakunja magoti, analaza fimbo karibu sambamba na nyasi, anaichomeka chini ya mpira na kuurusha kwenye kiganja. Inasomeka rahisi. Nimemwona wangu akiurudia jioni nzima huku mvua ikimnyeshea, na kocha amepiga goti kwenye tope mbele yake akimwambia neno lilelile: magoti, magoti, magoti. Siku ulipomkaa mkononi akiwa anakimbia, alipiga kelele mpaka timu ya uwanja wa pili ikageuka.

Jambo dogo lililonigusa: kocha huyo aliuliza jina la mwanangu linavyotamkwa, akalirudia mpaka likakaa sawa. Siku nyingine akawasimulia watoto habari za Seán Óg Ó hAilpín, mzaliwa wa Fiji, aliyekuwa nahodha wa Cork ilipotwaa ubingwa wa Ayalandi 2005. Hakumtazama mwanangu hata mara moja alipokuwa akisimulia, na nilishukuru kwa hilo. (Watoto wote huwaita makocha kwa majina yao matupu. Mimi bado nasema “kocha”, ulimi umekataa.)

Mechi za wadogo huchezwa Jumamosi asubuhi: viwanja vifupi, timu ndogo, vimechi kadhaa mfululizo dhidi ya klabu za jirani. Mpaka umri wa miaka kumi na miwili hivi hakuna kombe wala ligi, na kila mtoto anacheza. Hakuna wa kuoza benchi. Ubao wa mabao hauwekwi. Watoto wanahesabu hata hivyo, na waulize njiani kurudi nyumbani, watakutajia mpaka pointi. Bao ni pointi tatu, mpira ukipita juu ya mwamba ni moja. Wanaoharibu ni baadhi ya wazazi wanaofoka pembeni kana kwamba ni fainali ya taifa Croke Park, uwanja mkuu wa michezo hii hapa Dublin. Klabu iwakemee zaidi.

Sasa upande wa binti. Camogie, yaani mchezo huohuo kwa wasichana, ina chama chake tangu 1904, mbali na kile cha wavulana. Kwa mzazi maana yake ni hii: usajili mara mbili, ada mbili, makundi mawili ya WhatsApp, na mechi za kaka na dada kuangukia saa ileile pande mbili za jiji. Wamekubaliana vyama viungane kufikia 2027, na mimi nangoja kwa hamu. Kwa sasa, uwanja mzuri wenye taa klabuni kwetu unakwenda kwa wavulana, wasichana wanapewa ule wa kona unaotuama maji. Nimelisema hilo kwenye mkutano na sijamaliza kulisema. Ila kocha wa wasichana ni dhahabu. Mei 2025 wajumbe wa chama cha camogie walipopiga kura kuruhusu kaptura badala ya lazima ya kile kisketi chenye kaptura ndani, aliwakusanya akawaambia kila mmoja avae anachojisikia huru nacho. Binti yangu aliingia na kaptura mazoezi yaliyofuata na hajatazama nyuma.

Gharama? Ada ya mwaka inavumilika. Kinachouma ni helmeti, ambayo mpya inaweza kufika euro 80 na kuzidi, kwa hiyo ulizia kwanza zilizotumika, ukague wavu na mikanda. Fimbo nazo hupasuka, na miti ya ash ambayo hutumika kuzichonga inauawa na ugonjwa wa kuvu ulioingia nchini 2012, ndiyo maana siku hizi utaona nyingi za mianzi na za plastiki.

Makocha hawalipwi hata senti, kwa hiyo jiandae kuombwa kazi: kubeba magoli, kukata machungwa, siku moja utajikuta nyuma ya goli na koti jeupe na bendera mbili, wewe ndiye mwamuzi wa goli.

Ratiba ndiyo inayonitoa jasho. Mechi ya Jumamosi asubuhi inatangazwa Alhamisi usiku, kwa vifupisho ambavyo mgeni havielewi, kisha Ijumaa inahamishwa uwanja. Anayefanya zamu hospitalini kama mimi atabadilishana vipi na mwenzake kwa taarifa hiyo? Nimeiandikia kamati, wamejibu kwamba watalizungumza Januari. Wote wawili nimeshawaandikisha kwa msimu ujao.