Naiinua Datsun 240Z uwani: jeki ya troli, stendi za pini na QuickJack

Assalaam aleikum jamaa zangu, leo tuko chini ya gari na nataka twende polepole, manake kuinua gari ndo kitu watu hufanya haraka haraka halafu mtu anabanwa kifua akiwa peke yake nyumbani na hakuna wa kumsikia. Gari ni hii 240Z yangu, wengi mmeniuliza kwenye komenti naiinuaje bila lifti ya gereji. Nimejaribu vitu vitatu, nitawaambia kila kimoja kilivyo, lakini kabla ya bidhaa hebu kwanza tuitizame gari yenyewe chini.

Hii gari ina jina kubwa huku kwetu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally 1971, halafu 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaibeba tena, sasa mtu akishasikia hivyo anadhani chini ni chuma kitupu, tia jeki popote. Hapana jamani. Zile za rally ziliongezewa vyuma chini. Hii ya kawaida haina chesisi ya peke yake kama pikapu, bodi ndo chesisi, na hizi reli mbili mnazoziona zinapita chini ya sakafu ni bati lililokunjwa tu. Ukitia jeki katikati ya reli inabonyea kama kopo la maziwa. Na sisi watu wa Mombasa tuna chumvi ya bahari, inakula bati kutokea ndani, huku nje rangi iko safi kabisa.

Leta kamera hapa. Ee, hapo hapo. Nagonga na mpini wa bisibisi, sikizeni… ko, ko, ko. Hapo pazima. Sasa nasogea huku, usawa wa miguu ya dereva… pwa. Mmesikia? Sauti imekufa, na tizama hilo vumbi jekundu linavyodondoka kwenye mkono wangu. Hapo sitii jeki wala stendi mpaka fundi wa bodi akate aweke bati jipya. Hii kugonga inachukua dakika tano na haigharimu kitu, fanya kabla hujatoa pesa mfukoni kununua chochote.

Mahali pa kutia jeki mimi natumia pawili tu. Mbele ni krosimemba, huu mhimili wa chuma unaopita chini ya injini, katikati yake, na uangalie usije ukaigusa sampu ya oili. Nyuma ni difu, lile boksi la gia lililo kati ya tairi za nyuma, kwenye tumbo lenyewe la chuma, si kwenye boliti ya kumwagia oili.

Haya, jeki. Hii ni ya troli, ya alumini, tani 2, ile ya kwenda chini sana. Gari hii ni kama tani 1 na kidogo na unainua upande mmoja kwa wakati, kwa hiyo nguvu inatosha na kubaki. Nilichokuwa natafuta ni urefu wa mkono na kichwa kinachoshuka, manake pua ya 240Z iko chini, jeki fupi haifiki krosimemba, unajikuta mpini unagonga bati la mbele kabla hujapampu mara tatu. Hii inafika vizuri, na ina raba juu, chuma hakisuguani na chuma. Hapo naisifu kwa moyo mmoja.

Lakini kuna kitu sikioni kikielezwa sana na ndo kimenifanya nirekodi hii video. Tizama mkono wa jeki unavyopanda, haupandi wima, unapanda kwa duara, kwa hiyo kichwa kinavyopanda kinarudi pia kuelekea kwa mwenye kupampu. Gari umeishika na kabari haiwezi kusogea, basi ni lazima jeki yenyewe itembee kuifuata. Ndo maana ina magurudumu! Sasa uwani kwangu ni kabro, gurudumu likiingia kwenye mwanya wa kabro jeki inagoma kutembea, na kichwa kinaanza kuteleza kwenye krosimemba kidogo kidogo, wewe uko nyuma unapampu huoni kitu. Ilinitokea, nikasikia kriii, nikaishusha papo hapo, moyo ulikuwa unanienda mbio. Tangu siku hiyo naweka kipande cha plaiwudi nene chini, kirefu, jeki inatembea juu yake kama iko kwenye sakafu ya saruji.

Kingine, kabari. Breki ya mkono ya hii gari inashika tairi za nyuma, na gia pia inashika za nyuma. Ukiinua mbele una breki, una gia. Ukiinua nyuma huna hata kimoja, gari imekuwa mkokoteni. Kwa hiyo nikiinua nyuma naweka kabari tairi zote mbili za mbele, mbele na nyuma ya kila tairi, nne jumla. Na tafadhali msitumie jiwe la matumbawe, lile jiwe ukiligandamiza linapasuka ghafla, halitoi onyo, iwe ni kwenye tairi au chini ya gari.

Mtu atasema jeki yake ni mpya, inashika. Nilifanya jaribio. Nilipandisha mbele, nikachora mstari wa chaki kwenye tairi sawa na rula niliyosimamisha chini, nikaenda kunywa chai. Kurudi mstari umeshuka upana wa kidole, na hakuna tone la oili nje, sili imevuja kwa ndani. Jeki ni ya kuinua, kushika ni kazi ya stendi.

Stendi zangu ni za pini, chuma nene kinapita shimo hadi shimo. Zile za meno zinapanda vizuri na zina hatua ndogo ndogo, ila uzima wako uko kwenye kimeno kimoja usichokiona. Marekani mwaka 2020 Harbor Freight, wauzaji wa vifaa vya gereji, waliziita zirudishwe stendi za meno zaidi ya milioni 1, kwa sababu kimeno kiliweza kuachia zikiwa na mzigo. Ya pini naiona kwa macho, imeingia au haijaingia. Ubaya wake ni mashimo yako mbalimbali, wakati mwingine unataka katikati na hupati. Nakubali. Mbele naziweka pale reli inaposhikwa na bano la fimbo ya saspensheni, pamepigwa bati mara mbili, plaiwudi chini ya miguu. Halafu naisukuma gari kwa bega kwa nguvu kabla sijaingiza hata mkono. Tairi nililotoa nalilaza chini ya kizingiti cha mlango.

QuickJack niliazima kwa rafiki. Fremu mbili, pampu ya umeme, gari yote inapanda mara moja mpaka karibu nusu mita, inajifunga kwa chuma. Raha, sitadanganya. Lakini inataka sakafu ya saruji iliyonyooka, kabro haifai, na inabeba kwenye vizingiti, palepale kutu inapopenda kujificha. Kama vizingiti vyako vinalia pwa, hizo pesa mpelekee fundi wa bodi kwanza.

Rampu, zile za mteremko unazopandishia tairi, sikuzipenda, pua inagusa.

Haya, tairi nimelirudisha, nashusha. Napandisha kidogo, natoa stendi, nafungua vali taratibuuu… mnaona nyuma imebaki juu na tairi zimeingia ndani kwa chini? Saspensheni haijaharibika, msiogope. Nati za tairi nazikaza sasa tairi likiwa chini, kabari naziondoa, na tukiisukuma hatua mbili mbele hatua mbili nyuma itakaa. Njoo unishikie huku, moja, mbili…