TAHADHARI KWA WAANDISHI WENZANGU: Huyu "promota" wa vitabu anatutapeli mmoja mmoja

Jamani, naandika mikono ikitetemeka, mnivumilie nikikosea herufi. Waandishi wote mnaojichapishia wenyewe, someni hii na muwatumie wenzenu. Kuna mwanaume anajiita promota wa vitabu, anapita kwenye kurasa zetu na magrupu yetu ya WhatsApp anatuchukulia hela na vitabu. Jina lake silitaji hapa, kaka yangu mwanasheria kanikataza kabisa. Anayelitaka aje inboksi, nitampa jina, namba zake zote na picha aliyopiga kajifanya anasoma.

Riwaya yangu nilijichapishia mwenyewe. Nakala 500 zilijaa sebuleni, mume wangu akawa anaruka maboksi kwenda kuwasha TV. Nilishauza kanisani, ofisini na kwenye harusi mbili za ukoo. Baada ya hapo kimya. Wanaokujua wameshanunua, wasiokujua hawajui kama upo. Mwandishi anayejichapishia anaijua hiyo hali, asikudanganye mtu.

Sasa huyu hakuja kuniuzia kitu. Alikuja KUNUNUA. "Dada mwandishi, habari za majukumu. Naomba nakala moja, niko Sinza, bodaboda nalipa mimi. Niandikie na sahihi, weka jina la mama yangu, Mama Asha, yeye ndiye msomaji pale nyumbani." Akatuma 12,000 na ya kutolea juu! Nyie mnaonicheka, nitajieni mtu mmoja aliyewahi kuwawekea ya kutolea kwenye kitabu. Ndugu zetu wa damu wanataka cha bure, tena wanauliza kama kina picha.

Baada ya siku chache akaweka video. Kakaa kibarazani, kitabu mkononi, anasoma ile sehemu mjane anapofungua sanduku la marehemu. Anasoma vizuri, sitamnyima hilo. Anatua panapotakiwa kutua. Chini ya video watu wamejaa, "kinapatikana wapi", "mimi nataka viwili". Niliirudia ile video nimesimama jikoni mpaka wali ukashika chini, watoto wakala mkate usiku ule.

Halafu akanipigia. Akaniuliza kwa nini yule kijana wa kwenye riwaya hakurudi Kilosa kumzika baba yake. Swali hilo hata mhariri niliyemlipa hakuniuliza! Tukaongea karibu saa nzima. Bei hakuitaja, mimi ndiye niliyeuliza. "Sikushawishi dada, ila kitabu kama hiki kufia sebuleni ni dhambi." Ndiyo akanitumia kifurushi chake: 350,000, kitabu kipangwe kwenye maduka ya vitabu ya mjini, mahojiano redioni, na meza kwenye banda la Sabasaba. Juu ya hapo achukue nakala 120 kwa mali kauli, auze, akate asilimia 30, zinazobaki zangu. Nani hapa hajawahi kuacha vitabu dukani kwa mali kauli? Ndivyo biashara hii inavyokwenda, na makato hayo yanafanana na ya wenye maduka. Angeniambia anakata asilimia tano ningeshtuka.

Mkataba alileta. Una nembo, una muhuri wa buluu, una TIN, ile namba ya mlipakodi. Tulisaini mgahawani Mwenge, juisi alilipa yeye. Kesho yake akaja na bajaji nyumbani, akabeba maboksi mwenyewe, mwanangu alipotaka kumsaidia akamzuia: "Wewe kaa na mama, familia ya mwandishi haibebi maboksi." Mama mkwe alikuwepo. Alimsifia mpaka jioni!

Kwenye kulipa, naweka namba, jina linalotokea ni la mwanamke. Nikasimama hapo hapo, nikampigia. Hakubabaika hata kidogo. "Huyo ni mhasibu wetu dada, mimi hela za waandishi siligusi hilo fuko, nilishajiwekea sheria." Mtu anayekwambia hagusi hela unamwonaje? Nikaweka namba ya siri. Na ya kutolea nikaongeza, kwa heshima!

Wiki ile ile akataka softkopi, eti mtangazaji apitie kabla ya kipindi. Nikampa PDF nzima. Baadaye ikaja "oda" ya nakala 300 za maktaba za shule binafsi, inatakiwa 180,000 ya kusajiliwa kama mzabuni, tuchangie nusu kwa nusu. Nikatuma 90,000. Meseji iliyofuata ikabaki na tiki moja. Picha yake ikapotea. Nikapiga kwa simu ya mume wangu, ikaita, akapokea, alivyosikia sauti yangu akakata.

Subirini, hiyo siyo iliyonifanya niandike. Kuna dada ofisini alikuja ananipongeza kwamba kitabu changu kimeingia kwenye grupu lao la hadithi. Shilingi 1,000, unatumiwa PDF. Nikamwomba aifungue nione. Ukurasa wa 47, "Kiloza" badala ya Kilosa. Ni faili nililompa yule promota! Lile kosa nilirekebisha kabla ya kuchapa, kwenye karatasi halipo, na softkopi ile sijampa mtu mwingine duniani.

Jumamosi nikapita Mnazi Mmoja. Kwenye turubai ya machinga, katikati ya vitabu vya Kiingereza vilivyochakaa, vimepangwa vyangu. Shilingi 4,000. Kukichapa kimoja kilinigharimu 4,500! Nikachukua cha juu, nikafungua: "Kwa Mama Asha, msomaji wa kweli", na sahihi yangu. Kauza mpaka cha mama yake. Sijui hata kama ana mama. Yule kijana wa turubai sina ugomvi naye, alisema aliletewa maboksi na mtu wa bajaji. Nililipa nikakichukua kile kimoja, ni ushahidi.

Huyu mtu mahali pake ni gereza la Segerea. Msiniambie nisamehe, msinitumie mistari ya Biblia, leo siisomi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, kaka yangu anasema zote mbili zinamgusa, na kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa lingine peke yake. Afungwe. Arudishe nakala zangu, na akishindwa kurudisha anakili riwaya nzima kwa mkono, kurasa 212, nakala 120, kwa mwandiko unaosomeka, mimi nimekaa mbele yake nasahihisha. Bajaji yake ikamatwe. Na huyo "mhasibu" naye aunganishwe, maana hela iliingia kwake. Namba zote mbili nimeshazituma 15040, kule kwa kuripoti matapeli wa simu, na mitandao ya simu ninyi mnaojaza simu zetu matangazo ya bahati nasibu, hebu fungeni hizo laini leo, siyo mwakani.

Tangu niweke kwenye status, watu wananiandikia. Dada mmoja wa Morogoro alimlipa amtafutie ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu. Kaletewa namba, kachapa vitabu, kupeleka dukani wakaiingiza kwenye kompyuta, inaleta kitabu cha kilimo cha mtu mwingine. Vitabu vyote sasa anabandika stika nyuma. Kaka mwingine alitozwa 200,000 ya "kuingizwa Amazon". Jamani, Amazon hawatozi mwandishi kupandisha kitabu, wanakata kwenye mauzo. Alimlipa mtu kwa kitu cha bure.

Kwa hiyo mniulizao dalili, nazitaja haraka maana kichwa kinaniuma. Jina la kwenye muamala likiwa siyo la mtu uliyesaini naye, acha, hata akuletee mhasibu, mchungaji au shangazi. ISBN ina tarakimu 13, za hapa kwetu zinaanza na 978 na zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, nenda mwenyewe Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, Dar, hakuna haja ya mtu wa kati. Akikutajia maduka, ingia dukani uulize. Mimi niliingia mawili baada ya kutapeliwa, hawamjui hata kwa sura. Redio hivyo hivyo, piga kituoni. Softkopi nzima hapewi mtu, mpe sura moja, anayetaka zaidi anunue. Ile TIN ya kwenye mkataba nimeambiwa ni ya duka la vipodozi. Na wale waliouliza "kinapatikana wapi" nimewafungua mmoja mmoja, akaunti zina picha mbili mbili, na ndio hao hao wako kwenye video ya kila mwandishi aliyemliza. Mmoja kaandika "nataka viwili" kwenye vitabu vinne tofauti. Anasoma sana huyo.

Na anabadilisha gia. Kwa wanaoandika mashairi anajifanya ana mtu wa kwenye majaji wa tuzo. Mkisikia tuzo yoyote inadaiwa hela kupitia namba ya mtu binafsi, mnajua ni nani.

RB ya polisi ninayo, kesi nimeshaifungua. Askari kasema wakija wengi jalada linakuwa na uzito, mmoja mmoja tutaambiwa ni ugomvi wa madeni ya biashara. Waliolizwa naye Dar tukutane Jumatatu saa tatu asubuhi, mahali nitawaambia inboksi. Njooni na meseji za muamala, msizifute, na mkataba wenye ule muhuri wa buluu. Wa mikoani piga picha kila kitu unitumie, mwandike tarehe. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nitaenda mwenyewe na kile kitabu cha Mama Asha na ile PDF ya Kiloza.

Na wewe admini wa lile grupu unayeuza jasho langu kwa buku, skrinshoti ya namba yako ninayo, pamoja na orodha yako ya bei. Waandishi wengine kumi na mmoja wamo kwenye hiyo orodha, na wote nimeshawatumia.