Mgahawa wa Kichina wa upande wa Kasapa: nendeni kikundi, na muombe menyu ya pili

Ukiingia peke yako ukaagiza wali wa kukaanga na kuku wa mchuzi mtamu, utatoka ukisema chakula cha Kichina ni cha kawaida tu, na sitakulaumu. Mgahawa huu, ulio njia ya kwenda kampasi ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, una menyu mbili. Ya kwanza ni ya Kifaransa na picha, ndiyo anayopewa kila Mkongomani anayeingia. Ya pili ni karatasi za Kichina tupu, na humo ndimo kuna chakula ambacho mpishi anawapikia watu wa kwao, wale mafundi wanaoshuka kutoka migodi ya shaba na kobalti ya Kolwezi na Likasi wakiwa na hamu ya ladha ya nyumbani. Omba hiyo ya pili. Huhitaji kuisoma. Onyesha sahani iliyo kwenye meza ya jirani, au mwachie dada anayehudumia jioni akuchagulie. Anazijua sahani zote, na atakwambia wazi ipi itakushinda kwa ukali.

Mpishi ni mtu wa Sichuan, jimbo la kusini-magharibi mwa China ambako watu wanapenda pilipili kama sisi. Ila kuna kitu kingine wanachotia, huajiao, na hicho hapa kwetu hatuna. Ni maganda ya tunda dogo la mti wa jamii moja na mlimau na mchungwa. Hayachomi. Yanautia ulimi ganzi, midomo inatetemeka, na harufu yake inakaribia ile ya ganda la limau. Rafiki yangu alifikiri amepata mzio, akaacha kijiko. Baada ya muda mfupi alikuwa anakwangua bakuli. Ili kuielewa ladha hiyo, anzeni na mapo doufu: vipande laini vya tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) na nyama ya kusaga ndani ya mchuzi mwekundu wa maharage yaliyochachushwa na pilipili. Ni chakula cha Chengdu, mji mkuu wa Sichuan, na ndicho cha bei nafuu kuliko vingi kwenye karatasi hiyo.

Sahani ambayo ningependa kila mtu wa Lubumbashi aionje ni samaki. Kambale anakatwa vipande vyembamba na kuchemshwa kidogo tu, kisha anawekwa kwenye bakuli kubwa juu ya chipukizi za maharage na kufunikwa kwa pilipili kavu na huajiao. Mwishoni wanamwaga mafuta ya moto juu yake, na mnayasikia yakilia mezani. Nyama inabaki laini kabisa. Msinywe ule mchuzi wake wenye mafuta. Chukueni samaki, pilipili ziacheni zibaki.

Halafu kuna matembele. Ndiyo, matembele yale yale ya sokoni. Nyumbani tunayapika hadi yanalegea, na nyanya, kitunguu na mafuta ya mawese. Hapa yanaingia kwenye karai la chuma juu ya moto mkali sana wa gesi pamoja na kitunguu saumu na chumvi, na kwa muda mfupi yametoka, bado ni kijani kibichi, yakinukia moshi kidogo. Nimekula matembele tangu utotoni na sikujua yanaweza kuwa hivi. Mama yangu aliyaonja, akasema hayajaiva, akaongeza sahani ya pili.

Bukari, yaani ugali, hakuna. Najua kwa wengine wetu bila bukari mtu hajala, lakini vyakula hivi vimetengenezwa kwa wali mweupe usiotiwa hata chumvi, na wali huo ndio unaoubeba ukali. Uagizeni mapema, maana wao hupenda kuuleta mwisho.

Kuhusu bei: kwa mwanafunzi anayekwenda peke yake ni ghali, hilo ni kweli. Bei ya sahani moja ni mara kadhaa ya ile ya malewa, vibanda vya chakula vya karibu na kampasi. Lakini sahani ni kubwa, zinawekwa katikati, kila mtu anachota kutoka pale pale. Mkiwa watano au sita mkaagiza vitu vinne na wali, kila mmoja analipa kiasi kinachovumilika na mnashiba. Bei zimeandikwa kwa dola. Ukilipa kwa faranga, uliza kwanza wanahesabu dola moja kwa kiasi gani, maana kiwango chao huwa kikubwa kuliko cha wabadilishaji wa barabarani. Jambo hilo silipendi, na nimewaambia. Moshi wa sigara pia unakera, hasa Jumamosi usiku meza za ndani zinapojaa. Kaeni uani.

Vijiti si lazima, vijiko na uma vipo. Chai ya moto wanaileta bila kuulizwa na hailipiwi.

Jumapili asubuhi mke wa mpishi anakunja kwa mkono jiaozi, vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ya nguruwe na kabeji ndani, za kuchovya kwenye siki nyeusi na kitunguu saumu. Anatengeneza idadi ndogo, na zikiisha hapiki tena hadi wiki inayofuata. Wanaotoka misa ya kwanza ndio wanaozikuta. Ukifika saa saba mchana, agiza samaki.